Kipimo cha TOEFL Kimebadilika, na Ratiba ya Kujisomea Nayo Ibadilike

Tangu tarehe 21 Januari 2026, matokeo ya TOEFL iBT, mtihani wa Kiingereza kwa wanaotaka kusoma vyuo vya nje, hutolewa kwa ngazi za 1 hadi 6 zinazopanda kwa nusu nusu, badala ya ile jumla ya alama 120 tuliyoizoea tangu mwaka 2005. Wengi wanaojiandaa kwenda kusoma Marekani au Kanada wamelipokea badiliko hili kwa swali moja: alama 100 ya zamani ni sawa na ngapi sasa? Ni swali la haki, na majedwali ya ulinganisho yapo, lakini naona linawachelewesha watu. Jambo zito zaidi ni kwamba hesabu mpya inalipa juhudi za aina nyingine, na mtu anayeendelea na mpango wa zamani atatumia miezi yake kutafuta alama ambazo hazihesabiwi tena moja moja.

Katika mfumo uliopita, kila moja ya sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuzungumza na kuandika, ilikuwa na alama 30, kisha zote zikajumlishwa. Kila alama moja ilikuwa na thamani yake. Aliyekuwa na 78 akihitaji 80 aliweza kuongeza alama moja katika kusoma na nyingine katika kusikiliza, akavuka. Ushauri wa kugawa muda sawa kwa sehemu zote na kuokota alama moja moja popote zilipo ulikuwa na mantiki wakati huo.

Sasa matokeo ya jumla ni wastani wa sehemu nne, unaosogezwa hadi nusu ngazi iliyo karibu zaidi. Tumchukue mtahiniwa mwenye 5.5 katika kusoma, 5 katika kusikiliza, 4 katika kuzungumza na 4 katika kuandika. Wastani wake ni 4.625, kwa hiyo ataandikiwa 4.5, ambayo iko katika kiwango cha B2 cha mfumo wa Ulaya wa kupima umahiri wa lugha, unaoanzia A1 hadi C2. Akipanda nusu ngazi katika kuzungumza na nusu nyingine katika kuandika, wastani unafika 4.875, anaandikiwa 5, na hapo ameingia C1. Lakini akiboreka kidogo katika kila sehemu bila hata moja kuvuka nusu inayofuata, matokeo yake yatabaki yalivyokuwa, hata kama kazi aliyoifanya ni kubwa. Ndiyo maana nasema mtahiniwa wa sasa achague sehemu moja au mbili na kuzishughulikia mpaka zivuke. Hesabu yenyewe haijali nusu ngazi imetoka wapi. Anayepaswa kujali ni mtahiniwa, kwa sababu kutoka 5.5 kwenda 6 ni kutafuta kiwango cha C2, na hiyo ni safari ndefu kuliko kutoka 4 kwenda 4.5. Zaidi ya hayo, vyuo vingi huweka kiwango cha chini kwa kila sehemu, na hapo ubora wa kusoma haumwokoi mtu aliyeanguka katika kuzungumza.

Kwa wanafunzi wetu, sehemu ya kuchagua mara nyingi ni hiyo ya kuzungumza. Kijana aliyepita sekondari ya Tanzania amefundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza, lakini mitihani yake ameijibu kwa kalamu, na nje ya darasa amezungumza Kiswahili na wenzake. Anasoma vizuri kuliko anavyozungumza, na TOEFL ya sasa inaufunua udhaifu huo bila huruma. Zile kazi za kusoma matini, kusikiliza mhadhara kisha kueleza, ambazo zilimpa mtu sekunde za kupanga jibu, zimeondolewa. Mahali pake kuna kazi mbili mpya: kusikia sentensi na kuirudia kama ilivyo, kisha kujibu maswali ya mahojiano papo hapo, bila muda wa maandalizi. Majibu ya kukariri, yale yenye ufunguzi uleule kwa kila swali, hayana pa kushika hapa.

Mazoezi yanayofaa ni ya kila siku na ya sauti. Sikiliza sentensi moja ya taarifa ya habari au ya mhadhara, isimamishe, irudie yote, kisha jirekodi na ulinganishe. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna tabia ya kupachika irabu kati ya konsonanti zinazofuatana na mwishoni mwa neno, kwa sababu lugha yetu inapenda silabi zinazoishia kwa irabu. Lafudhi ya Kiafrika si kosa, na nisingependa mtu yeyote aionee aibu. Lakini irabu za ziada zinaweza kumfanya msikilizaji asilitambue neno, na zinapunguza kasi kiasi kwamba sentensi ndefu inamtoka mtu kichwani kabla hajaimaliza.

Upande wa kusoma, mtego uko kwenye zoezi la kukamilisha maneno yaliyokatwa ndani ya aya. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, Kiingereza hapana, kwa hiyo anayelijua neno kwa kulisikia tu atalikosa kwa herufi moja. Dawa yake ni kuandika kwa mkono maneno ya aya uliyoisoma, siyo kuyatazama tu. Halafu sehemu za kusoma na kusikiliza sasa hujirekebisha kulingana na mtahiniwa: unavyofanya katika hatua ya kwanza ndivyo unavyopangiwa hatua ya pili, ngumu zaidi au nyepesi zaidi. Kuanza kwa pupa ukitegemea kufidia mwishoni ni hatari, maana aliyepelekwa upande mwepesi amejipunguzia nafasi ya kufika ngazi za juu.

Kuhusu kuandika nitasema kwa ufupi. Insha ya dakika 30 iliondolewa tarehe 26 Julai 2023, na ule muhtasari wa matini na mhadhara umefuata Januari 2026. Leo kuna kupanga maneno yawe sentensi, kuandika barua pepe kwa dakika 7, na kuchangia mjadala wa darasani kwa dakika 10. Hata hivyo, vitabu vya PDF vinavyozungushwa katika makundi ya WhatsApp bado vinafundisha insha ya aya tano, na vijana wanaikariri kwa bidii inayoniumiza moyo, kwa kuwa bidii hiyo ingetosha kabisa kuwapandisha ngazi kama ingeelekezwa panapostahili. Kabla ya kufungua kitabu chochote, tazama mwaka kilipotolewa, kisha ulinganishe na mtihani wa majaribio ulioko kwenye tovuti ya ETS, shirika la Marekani linaloutunga mtihani huu.

Limebaki la wanaotangaza nafasi za masomo. Kwa miaka miwili ya mpito, karatasi ya matokeo inaonyesha pia alama ya jumla inayolingana na kipimo cha 120, na hilo linawasaidia waombaji wa sasa. Lakini tangazo la ufadhili linalotaka alama 95, bila kutaja kwamba katika kipimo kipya C1 huanzia ngazi ya 5, linamwacha mwombaji akibahatisha kama anafaa au hafai. Wafadhili na vyuo waandike vipimo vyote viwili katika matangazo yao, pamoja na kiwango wanachokitaka kwa kila sehemu. Mwombaji naye, pale tangazo lisipoeleza, aiandikie ofisi ya udahili na kupata jibu la maandishi kabla hajalipia mtihani.