Ndege Juu, Mimi na Miwa

Mpwa wangu wa miaka 9 huniita khocha, yaani mjomba, kwa heshima zote. Au tuseme alikuwa akiniita hivyo mpaka tarehe 1 Juni 2024.

Sherehe ya Madaraka mwaka huo ililetwa kwetu Bungoma, uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi. Kijijini hakuna aliyeulizia hotuba. Watu walitaka ndege za jeshi basi. Na mimi, mdomo wangu huu, nikajifanya mtaalamu.

Nikamweleza mtoto kwamba zile za kivita ni F-5, zimetengenezwa Marekani, ziliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, makao yao Nanyuki. Nikampa na siri ya kuziona. "Usitazame sauti inakotoka. Sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Ndege ikiwa kilomita moja, mlio unakufikia baada ya sekunde 3, na yenyewe haikungoji. Tazama mbele ya sauti."

Kukhu, yaani bibi yetu, aliyekuwa akichambua kunde mlangoni, akasema yeye ataziangalia akiwa hapo hapo. Nikamcheka. Tukamwacha kijijini Bukembe, tukapanda boda.

Uwanja ulikuwa umeshajaa, na nje kila mwembe ulikuwa umezaa watu. Jirani yetu anayeuza njugu alikuwa amepata kaukuta kazuri, nikamwachia mtoto. Mimi nikaona trekta ya miwa imezuiwa na polisi kando ya barabara, trela mbili nyuma, mzigo mrefu kuliko nyumba. Dereva alikuwa amenuna. Muwa ukikaa juani unakauka, ukikauka unapungua uzito, na kiwandani kinachohesabiwa ni tani. Nikazunguka nyuma asikoniona, nikapanda.

Hapa niseme kitu kuhusu miwa iliyochomwa shambani kabla ya kukatwa. Masizi yake hayatoki. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kanisa. Kufika juu, nilifanana na sufuria ya matanga.

Ndege ya kwanza ikaja. Nilijua ni ya kwanza kwa sababu ardhi ilitetemeka na watu wakapiga kelele. Nikageuka kule kwenye mlio. Mawingu. Ya pili ikaja, nikageuka tena, mawingu yale yale. Elimu yote niliyompa mtoto ilikuwa imebaki Bukembe. Masikio yalikuwa yakivuta shingo kama kamba ya ng'ombe.

Ya tatu ilipopita, polisi wote walikuwa wametazama juu, midomo wazi. Dereva akaona Mungu amejibu maombi. Trekta ikanguruma, lakini kwa mlio ule nani angeisikia? Mimi nilidhani mtetemo ni wa ndege. Nilishtuka nilipoona mwembe uliojaa watu unarudi nyuma.

"Dereva! Simamisha!"

Nani asikie? Nikalala kifudifudi, nimekumbatia miwa kama mtoto mgonjwa. Huko nyuma wavulana wawili walikuwa wakichomoa miwa ya trela ya mwisho huku wakikimbia, wakanionyesha dole gumba kama mwenzao. Mzee mmoja wa suti kando ya barabara akanipigia saluti. Nadhani alidhani mimi ni sehemu ya gwaride. Na zile ndege, naapa, zilipita juu yangu mara mbili zikigeuza. Nilizisikia mgongoni. Kuinua uso sikuthubutu.

Trekta ilisimama kwenye foleni ya mizani. Taniboi, msaidizi wa dereva, akapanda kukagua, akanikuta. Sasa nikiri: kiu ilikuwa imenishika, na mkononi nilikuwa na kipande cha muwa, kimetafunwa nusu.

"Mwizi!"

"Ndugu yangu, nilikuwa naangalia ndege."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Ndege ninayoiona hapa ni wewe."

Nikalipishwa shilingi 100 ya muwa mmoja, bei ambayo hakuna mkulima amewahi kuiona, nikaachiwa nitembee.

Nilipofika nyumbani mpwa alikuwa ameshaletwa na jirani, anaruka uani mikono imenyooshwa kama mabawa. "Khocha, nimeziona zote! Nilitazama mbele ya sauti!" Kisha akaomba video yangu. Kwenye simu kulikuwa na dakika 4 za giza la miwa na mtu analia, "Dereva! Dereva!"

Kukhu hakuwa ameondoka mlangoni. Akaniambia zilizungukia hapo juu ya choo, chini kabisa, na ile ya pili aliipungia mkono.

"Halafu ikapita trekta na mtu juu," akasema, "nikampungia na yeye. Amefanana na wewe sana, ila yule alikuwa mweusi mno."