Kushoto "niwekee", kulia arubuni: oda za mapema za simu zinapima nini?

Binamu yangu anauza simu Busia, upande wetu wa Uganda, katika kibanda ambacho wateja watatu wakiingia wa nne anasubiri nje. Chini ya kaunta ana daftari la shule. Kurasa za kushoto anaandika majina ya walioona picha ya simu mpya kwenye WhatsApp yake wakamjibu, "Ikifika niwekee." Kurasa za kulia ni za walioacha arubuni: elfu hamsini, laki moja, na mmoja aliyeacha saa ya mkononi kwa sababu siku hiyo hakuwa na kitu. Septemba iliyopita, simu fulani ilipokuwa inasubiriwa, kushoto nilihesabu majina 31. Kulia yalikuwa 4. Akaagiza simu 5.

Nilimcheka kwa uoga wake. Njiani kurudi Kampala nikaanza kujiuliza ni nani kati yetu anayejua hesabu.

Maana kila mwaka msimu wa simu mpya ukifika tunaletewa habari ileile: oda za mapema zimevunja rekodi, mamilioni wamejiandikisha, simu imekwisha kabla haijatoka. Habari inabebwa ilivyo, na wiki hiyohiyo maduka ya mjini yanabandika mabango ya "weka oda sasa, upate zawadi". Hakuna anayeuliza idadi hiyo imetoka ukurasa upi wa daftari.

Chukua Huawei. Septemba 2024, ilipokuwa inakaribia kutoa Mate XT, ile simu ya vipande vitatu vinavyokunjana, ilifungua uandikishaji mtandaoni siku chache kabla ya uzinduzi. Siku yenyewe ilipofika, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni 3. Idadi si ya uongo. Ila kujiandikisha hakukudai hata senti moja, na watu walijiandikisha bei ikiwa haijatangazwa. Ilipotangazwa ikawa yuan 19,999, karibu dola 2,800. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni 10. Unanunua pikipiki mpya ya bodaboda na chenji nzuri inabaki. Aliyebonyeza kitufe kabla ya kujua bei ametamani tu, bado hajanunua. Hamu nayo ina kazi yake, nakubali: Huawei ilitaka dunia ione kwamba vikwazo vya Marekani vya 2019 havikuizika, na kwa kazi hiyo milioni 3 zilitosha.

India walipata kubwa zaidi. Februari 2016 kampuni iitwayo Ringing Bells ilitangaza simu janja ya rupia 251, yaani chini ya dola 4. Tovuti ikazidiwa, na kampuni ikadai kwamba waliojiandikisha wamepita milioni 70. Fundi yeyote wa simu pale William Street, Kampala, angekwambia pesa hiyo hainunui hata kioo. Mambo yakaishia polisi.

Lakini nisiwaonee wanaozitetea oda za mapema, kwa sababu hoja yao ina uzito. Kwenye masoko makubwa mtu haandiki jina tu. Anaweka kadi ya benki, anachagua rangi, anaonyeshwa tarehe ya kufikishiwa, na wengine wanasaini mkataba wa miaka 2 na kampuni ya mtandao. Huo ni ukurasa wa kulia. Mwaka 2014 Apple ilitangaza oda zaidi ya milioni 4 za iPhone 6 na 6 Plus ndani ya saa 24. Zilipoingia madukani, siku 3 za kwanza zikauzwa zaidi ya milioni 10. Robo ya mwaka iliyoishia Desemba, Apple ikauza iPhone milioni 74.5, idadi ambayo haikuwa imewahi kuifikia. Oda za siku ya kwanza zilisema kweli. Na kwa mwenye kiwanda hata makadirio mabovu ni bora kuliko giza: lazima aamue leo atengeneze ngapi za kumbukumbu kubwa na ngapi za rangi ya dhahabu, na oda ndizo zinazomwonyesha.

Hoja ingeishia hapo kama si mwaka uliofuata. Wikiendi ya kwanza ya iPhone 6s, Septemba 2015, ziliuzwa zaidi ya milioni 13. Rekodi juu ya rekodi. Ukichungulia kidogo unakuta jambo: safari hii China ilikuwamo kwenye orodha ya nchi za siku ya kwanza, ilhali 2014 ilisubiri hadi Oktoba. Kikapu kilikuwa kipana zaidi, basi kikabeba zaidi. Robo ya Desemba ilipofungwa, hesabu ilikuwa milioni 74.8, palepale pa mwaka uliopita. Na robo iliyofuata, Januari hadi Machi 2016, ikaporomoka hadi milioni 51.2, kutoka 61.2 za robo kama hiyo mwaka uliotangulia. Ndiyo mara ya kwanza mauzo ya iPhone kushuka tangu ianze kuuzwa 2007. Rekodi ya Septemba, mteremko wa Machi, na simu ni ileile.

Septemba 2016 Apple yenyewe ikasema haitatangaza tena mauzo ya wikiendi ya kwanza, kwa sababu kinachoamua idadi hiyo ni simu zilizopo ghalani, si watu wanaozitaka. Unaweza kusema walikuwa wanaficha aibu iliyokuwa njiani, na mimi sitakubishia sana. Lakini sababu waliyoitoa ni ya kweli hata kama nia haikuwa safi. Duka likipewa simu 20, "zimekwisha kwa saa moja" inakwambia habari za zile 20 tu. Waliokuja wakazikosa wanaweza kuwa 30 au 3,000, na tangazo ni lilelile.

Sasa turudi kwetu, ambako mambo yanapinda kwa namna nyingine.

Kwanza, sehemu kubwa ya hamu ya Uganda haihesabiwi Uganda. Apple haina duka lake hapa, na nchi yetu haimo kwenye orodha ya siku ya kwanza. Anayetaka iPhone mpya Kampala wiki hiyo huletewa na mfanyabiashara aliyeibeba kutoka Dubai. Kwa hiyo mtu wa Kololo anaonekana kwenye vitabu kama mteja wa Falme za Kiarabu, na yule mfanyabiashara aliyeagiza simu 6 anaonekana kama watu 6 wenye kiu ya simu mpya. Zikimdodea, hakuna anayerudi kufuta rekodi.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, oda za mapema zinadai pesa ya mkupuo mmoja, na mkupuo ndio tusio nao. iPhone mpya kwa kawaida hutoka Septemba, wakati mzazi wa Uganda anatafuta karo ya muhula wa tatu. Jina lake likibaki ukurasa wa kushoto haimaanishi hataki. Kwa miaka mingi simu nyingi mikononi mwetu zimekuwa zile ndogo za batani, katochi, na ukimuuliza mwenyewe mara chache atakwambia anaipenda. Ndiyo maana mikopo ya simu imeshika kasi: M-KOPA wanapokea malipo madogomadogo ya kila siku, na MTN, kampuni ya mtandao, waliita mpango wao Pay Mpola Mpola; "mpola mpola" ni Kiganda, maana yake pole pole. Mama muuza samaki ambaye hangeonekana kwenye hesabu yoyote ya oda anatoka na simu janja kwa kianzio kidogo. Hapo oda za mapema hazijatia chumvi, zimepunguza. Soko lilikuwepo, kipimo ndicho hakikulifikia.

Ingawa hata hapo tusijidanganye. Simu ya mkopo inahesabiwa imeuzwa siku inapotoka dukani. Mwenye nayo akishindwa kulipa mwezi wa tatu, inafungwa kwa mbali, na inabaki tofali la kioo. Akimaliza, atakuwa amelipa zaidi sana ya aliyenunua kwa taslimu. Je, hayo ni mahitaji ya kweli? Nusu ndiyo, nusu ni dhiki iliyovaa nguo ya mahitaji.

Tumewahi kuona kelele na pesa vikipimwa hadharani hapa nchini, ingawa si kwa simu. Mwaka 2021 MTN Uganda ilipouza hisa kwa umma, ungedhani mji mzima unanunua. Zilitolewa hisa bilioni 4.5, zilizonunuliwa hazikufika bilioni 2.9. Airtel ikafuata 2023 na ikapata zaidi kidogo ya nusu. Hakuna aliyedanganya. Kuzungumzia hisa ni bure, na kuzinunua kunataka shilingi.

Kwa hiyo mimi nikisoma "oda milioni kadhaa" natafuta vitu vitatu kabla sijaamini: mteja ameacha kiasi gani, anarudishiwa akibadili mawazo, na simu ngapi zilikuwapo. Habari isipokuwa na hata kimoja, naichukulia kama tangazo la biashara. Kisha nasubiri wiki 6 au 8, nauliza bei ya simu hiyohiyo kwenye vibanda vya mtumba. Ikiwa imeshaanza kuanguka, wengi waliokimbilia walikuwa wanafuata zawadi ya bure. Ikishikilia, basi kweli inatafutwa. Wachambuzi wanaotegemea shehena zilizotoka kiwandani hawakioni hiki, kwa sababu simu iliyolala kwenye boksi dukani nayo kwao imeshahesabiwa.

Mwezi wa kumi na mbili nilipita tena Busia. Wenye arubuni watatu walikuwa wamechukua simu zao. Kutoka ukurasa wa kushoto walikuja wawili, wote kuomba bei ipunguzwe, wakaenda. Simu ya tano ilinunuliwa na dereva wa lori aliyekuwa akisubiri karatasi zake forodhani; hakuwa na jina ukurasa wowote, hakuuliza hata ina kumbukumbu kiasi gani, alilipa akaondoka. Ya nne bado iko kwenye boksi lake, binamu anamtunzia yule mwenye saa. Saa yenyewe imo kwenye droo na inatembea. Nilimuuliza simu ikitoka nyingine ataagiza ngapi. "Tano," akasema, akafungua daftari ukurasa mpya.