Mama Yangu Alivyofia Likoni

Kabla ya yote, mama yangu yu hai, na ukimjua utaniamini, maana sauti yake ikitoka kwetu Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, husikika mpaka sokoni Marikiti.

Mambo yalianzia kwenye semina ya kuzungumza mbele za watu. Mkufunzi alituonyesha video ya Barack Obama akihutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule Boston mwaka 2004, enzi hizo bado seneta katika bunge la jimbo la Illinois, Wamarekani wengi hata hawamjui. Mapema kabisa akamleta baba yake: mtoto wa kijiji cha Kenya, mchunga mbuzi, aliyesoma kwenye kibanda cha mabati. Miaka 4 baadaye huyo kachaguliwa rais. Nikawaza, ikiwa mbuzi wa kwetu wanaweza kumfikisha mtu Ikulu ya Marekani, mimi nitashindwa kuchangisha pesa za tangi la maji?

Tukaambiwa pia kuwa Aristotle aliona msemaji huwashika watu kwa mambo matatu: hoja, hisia zao, na yeye mwenyewe kuwa mtu wa kuaminika. Kisha tukafundishwa kunyamaza. "Ukifika penye uchungu, nyamaza sekunde tatu. Hadhira itamalizia yenyewe." Mkufunzi huyu hakuwa mtu wa Pwani. Ukiacha pengo la sekunde tatu mbele ya wazee wetu, watalijaza kweli.

Basi rafiki yangu wa Likoni, ng'ambo ya feri, akaniita nikawasemee. Mtaani kwao walitaka kuchanga wanunue tangi la lita 10,000 la madrasa. Maji ya mfereji Mombasa hutoka nje ya mji, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, na yakikatika unabaki na mkokoteni wa mitungi, bei apendayo mwenye mkokoteni. Mweka hazina alitangulia na karatasi yake: bei ya tangi, jukwaa la kuliwekea, mabomba, mgawo wa kila nyumba. Hoja tupu, na zote sahihi. Mtu akakoroma.

Nikapanda mimi na hisia.

Niliwapeleka utotoni kwangu, mfereji umekauka wiki nzima, alfajiri giza, mama na mtungi kichwani, vichochoro vya Mji wa Kale vinateleza. Nikapunguza sauti. "Mama akajikwaa. Mtungi ukapasuka. Mama... akaanguka."

Nikainama. Sekunde ya kwanza. Ya pili.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema mzee mmoja wa mbele, na uwanja mzima ukapokea.

Sasa hapo ningesema: la, wazee wangu, aliinuka, akakung'uta buibui, akaenda kumdai mwenye mkokoteni mtungi mwingine. Lakini mama mmoja alikuwa ajifuta machozi kwa ncha ya leso! Utamkatizaje mtu kama huyo? Nikaendelea tu: "Ndiyo maana leo nimesimama mbele yenu." Mzee akavua kofia, ikapitishwa, ikarudi imejaa noti.

Nikavuka feri najiona kidume, simu imezima chaji zamani. Habari haipangi foleni ya feri, na Likoni nzima ina wakwe Kibokoni. Kufika kwetu, wanaume wamejaa barazani, mikeka imetandikwa, sufuria la kukodi linashushwa. Jirani akanikumbatia. "Pole mwanangu, kazi ya Mungu."

Miguu ikaniisha. Nikajua mama amefariki nami niko ng'ambo napiga domo. Nikaangua kilio cha haki, nagaagaa kwenye mkeka wa watu, hadi iliposikika sauti kutoka ndani:

"N'shakufa lini miye?"

Akatoka na mwiko mkononi. Hakuumia sana kwa kifo chenyewe; kilichomchoma ni sababu. "Kwa mtungi? Wanizika kwa mtungi wa maji? Hata maradhi ya maana hukuniona nastahiki?" Kisha akageukia wapishi. "Mchele ushaoshwa, pikeni." Matanga yakaliwa pilau, na maiti ndiye aliyepakua.

Kesho yake mweka hazina akapiga simu. Zile noti watu walitoa kwa nia ya marehemu, na haziwezi kununua tangi mpaka wenyewe waulizwe upya. Wazee wameshauriana, nije niwaulize. Na nisije peke yangu.

Mama alikataa maikrofoni. "Maiti ni mimi," akasema. "Pesa zenu zinunue tangi. Asiyeridhika aje achukue yake, hapa, mbele yangu."

Hakuinuka mtu. Kofia ikapitishwa tena, safari hii mimi ndiye niliyeishika, na mweka hazina akahesabu zaidi ya mara ya kwanza. Yule mzee wa mbele akanyoosha mkono akauliza kama bimkubwa ana nafasi Jumapili, kuna paa la msikiti limekwama.

Mama akataka kujua kwanza nani atalipa tuktuk.