Mtu Mzima Haingii Bila Mtoto

Dada yangu ni muuguzi huku Uingereza, hufanya zamu za usiku, na akirudi asubuhi anataka nyumba iwe kimya. Nyumba yenyewe ina watoto wawili walio likizo, na ina mama yetu, aliyekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Mama yetu akinong'ona, mtaa wa pili unapata habari. Kwa hiyo nilipokwenda kuwatembelea, hata begi sijalitua, nikakabidhiwa funguo za gari.

"Wapeleke kwenye jumba la Lego. Na msirudi kabla ya saa kumi."

Lego ni vile vitofali vya plastiki vya watoto kuchezea, vinavyounganishwa. Nilikuwa na maswali. Mimi sina mke, sina mtoto, nina utafiti wa shahada ya pili juu ya maji taka. Dada akaingia chumbani na kufunga mlango.

Watoto wenyewe niwatambulishe. Mkubwa ana miaka saba, amepewa jina la bibi yake, kwa hiyo nyumbani tunamwita Somo. Anasema ukweli wakati wote, hata pasipohitajika. Mdogo wake ana miaka minne, tunamwita Kadogo, na huyo hasamehi. Asubuhi ile, kwenye gari, alitaka juisi nyekundu nami nikamnyima kwa sababu viti vya gari ni vyeupe. Hakulia. Aliniangalia tu kupitia kioo cha dereva, safari nzima.

Tiketi dada alikuwa amezinunua mtandaoni na kuzituma kwenye simu ya mama, si yangu. Sababu anaijua yeye.

Tukafika kwenye jengo la maduka, mvua inanyesha, na Kadogo akatangaza kwamba amebanwa na mkojo. Mama hana mchezo na jambo la mkojo. Akafungua mlango wa gari likiwa halijasimama sawasawa, akajifunga mtandio, akamshika mmoja huku na mwingine huku, wakapotelea ndani. Mimi nikaanza kutafuta pa kuegesha. Maegesho ya kule ni ghorofa: unapanda, kumejaa, unapanda tena, kumejaa, hadi nikatokea juu ya paa pasipo na gari jingine ila langu na ndege wawili wa baharini walioloa. Nikashuka kwa ngazi, nikapotea kwenye maduka ya viatu, nikaulizia, nikafika.

Mlangoni pa jumba kuna twiga mkubwa aliyejengwa kwa vitofali vya Lego. Nilifurahi kumwona, ukiwa ugenini, twiga ni ndugu. Pembeni yake kijana mwenye fulana ya njano akanisalimia kwa uchangamfu, akatazama kushoto kwangu, akatazama kulia kwangu, akatazama nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Watoto wako ndani."

"Samahani bwana. Mtu mzima haingii bila mtoto."

Nikamweleza kwamba ndiyo maana naingia, niende waliko watoto. Akasema ananielewa kabisa, ila ninaweza kuingia nikiwa na mtoto. Nikamwambia mtoto siwezi kuwa naye mpaka niingie. Akasema ananielewa kabisa. Niseme haki: sheria yenyewe ni nzuri. Jumba limejaa watoto wadogo wanaokimbia bila viatu, na mtu mzima mmoja, mwanamume, ameloa, anahema, hana tiketi, anataka kuingia. Hata mimi ningejizuia.

"Tiketi unayo?"

"Iko kwenye simu ya mama yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Ndani, na watoto."

Foleni nyuma yangu ikaanza kunisogelea kwa hamu. Nikampigia mama. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Mama yangu ana imani, na hakuna aliyewahi kumtoa kwenye imani hiyo, kwamba simu ikipokelewa Ulaya inakula hela za pande zote mbili. Yeye hupokea WhatsApp tu, na WhatsApp yangu ilikuwa inazunguka bila kushika mtandao, maana pale tulikuwa chini ya ghorofa zote zile nilizozipanda kutafuta maegesho. Kuandika ujumbe hakufai kitu: miwani ya kusomea nilikuwa nimebeba mimi.

Nikaombwa nisubiri pembeni. Pembeni ni kwa twiga.

Hapo nilikaa muda wa kutosha kusoma kila kilichoandikwa kwenye vipeperushi na mabango ya karibu. Nikajua kwamba mwanzilishi wa Lego alikuwa fundi seremala wa kijiji cha Billund, Denmark, aliyeanza kutengeneza vichezeo vya mbao mwaka 1932. Kwamba kitofali hiki cha vinundu kiliombewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Januari 1958, na cha mwaka ule kinashikana hadi leo na kilichotoka kiwandani jana. Mama yangu naye ni wa 1958, na mkono wake bado unashika vilevile, kama mtakavyoona. Nikajua pia kwamba vitofali sita vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Nikamtazama twiga. Namna zaidi ya milioni mia tisa za kuunganisha vitofali sita, na hakuna hata moja ya kuniunganisha na familia yangu iliyo nyuma ya ukuta.

Yule kijana akanihurumia. Akachukua redio ya mkononi akaniuliza majina ya watoto.

"Somo na Kadogo."

"Ndiyo majina yao kamili?"

Sasa hapo. Jina kamili la Somo ni jina la mama yangu, na kwetu huliropoki jina la mama yako mbele ya watu wa foleni. La Kadogo lilinipotea kabisa. Lina Abdul mbele, lakini Abdul nani? Nikasimama nikihesabu majina tisini na tisa ya Mwenyezi Mungu kimoyomoyo, na uso wa kijana ukaanza kubadilika taratibu. Mjomba gani asiyejua majina ya wapwa zake?

Redio ikazungumza. Baada ya kitambo mlango ukafunguliwa, akatoka mama mmoja wa makamo, mfanyakazi wa pale, kamshika mkono Kadogo, na Somo anafuata nyuma. Nilitamani kulia. Yule mama akachuchumaa akawa sawa na Kadogo, akamwuliza kwa upole mwingi:

"Unamjua mtu huyu?"

Kadogo akaniangalia. Akaanza viatu, akapanda suruali iliyoloa, akafika usoni. Nikajua anaona juisi nyekundu.

"Hapana," akasema.

Foleni ikaguna. Baba mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Kadogo! Mimi mjomba!"

"Simjui," akaongeza, ili pasibaki shaka.

Yule mama akainuka, safari hii hakuwa mpole sana. Akamgeukia Somo. Nikamtupia Somo macho ya kumwomba. Somo akasimama wima, kama walivyofundishwa shuleni kuhusu watu wasiowafahamu vizuri.

"Ni mjomba wetu," akasema. Nikashusha pumzi. "Lakini haishi na sisi. Na leo mama hajamwambia mwalimu kwamba yeye ndiye atatuchukua."

"Leo Jumamosi, Somo! Hakuna shule!"

"Ndiyo maana hakumwambia," akamalizia, kwa haki kabisa.

Askari wa jengo la maduka, mkubwa wa mwili na mtaratibu wa miguu, alikuwa ameshafika. Akaniuliza kama nina kitambulisho. Nilikuwa nacho, cha chuo, picha ya siku nilipotua kutoka Tanga, baridi imenifumba jicho moja.

Ndipo mama akatokea. Alikuwa na soksi tupu, viatu ameviacha kwenye sehemu ya watoto kupanda na kuteleza, mtandio umekaa upande, na simu kaishika mbele ya mdomo, anaongea nayo. Sikutilia maanani wakati ule alikuwa akiongea na nani.

"Kuna nini hapa?"

"Bibi," Somo akamfasiria, "wanasema mjomba haruhusiwi kuingia kwa sababu hana mtoto."

Mama akamtazama askari, akamtazama kijana wa njano, akanitazama mimi. Akanikamata mkono juu ya kiwiko, mshiko wa 1958, akanivuta mbele. Kiingereza cha mama ni maneno machache, lakini anayapanga anavyotaka.

"Mtoto?" akasema kwa Kiingereza chake. "Huyu mtoto. Huyu wangu mimi. Mimi mtu mzima, huyu mtoto. Tunaingia."

Kimya. Kisha yule mfanyakazi wa makamo akaziba mdomo kwa kiganja. Kijana wa njano akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Askari akasema kwamba kisheria haoni tatizo. Tiketi ikatafutwa kwenye simu ya mama, ikapatikana, ikapigwa mwanga, nikaingia nimeshikwa mkono. Mama aliuliza pia kama sasa nitatozwa bei ya mtoto. Walimwambia hapana.

Ndani kulikuwa kuzuri, sitaki kusema uongo. Kuna meza inayotetemeka ambapo watoto hujenga minara kisha meza inatikiswa kama tetemeko la ardhi. Minara ya wenzetu ilikuwa mirefu, ikaanguka. Mama aliketi, akasema nyumba bila msingi mpana ni kutafuta balaa, akajenga kitu kifupi kipana ambacho meza ilishindwa nacho hadi watoto wa watu wakaanza kumpelekea vitofali. Kwenye sinema, ile inayorusha maji na upepo usoni, alitoa khanga mkobani na kutufunika sote wanne, tukasikiliza filamu gizani. Kadogo alinipanda mapajani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kutoka ni kupitia dukani, hakuna mlango mwingine, na walioujenga hivyo walijua walichokuwa wakifanya. Juisi nyekundu nilinunua.

Tukarudi saa kumi na nusu. Mama akaichomeka simu kwenye chaji, maana ilizimika kule kule mlangoni, na ilipowaka ikaanza kutetemeka mezani bila kupumzika. Kumbe ile aliyokuwa akiongea nayo ilikuwa voisi, ya kwenye grupu la ukoo: "Jamani, mwanangu kashikwa. Askari wanamhoji. Watoto wametolewa kuulizwa mmoja mmoja, na mdogo kamkana. Niombeeni." Ikaenda, kisha chaji ikaisha, na ukoo ukakaa na habari hiyo saa nne nzima.

Tanga walikuwa wameshasoma Yasini. Binamu wa Mombasa alikuwa ameshaulizia wakili. Na sasa simu ilikuwa inaita kutoka Muscat, mama mkubwa, WhatsApp, kwa hiyo mama akapokea na kunipa.

"Mwanangu! Wamekuachia? Umekula?"

"Nimekula, mama mkubwa. Sikuwekwa ndani, ni..."

"Nieleze ukweli, mimi mama yako. Walikushika kwa kosa gani?"

"Kukosa mtoto."

Muscat pakawa kimya kidogo.

"Basi wana haki," akasema. "Miaka yote tunakuambia uoe."