Windows inapopiga kelele, tutajuaje kama ni hatari au ni biashara?

Mei 2016 watu wengi waliokuwa bado kwenye Windows 7 na 8.1 walibofya alama ya X kwenye dirisha la kuwashawishi wahamie Windows 10, kama walivyokuwa wakifanya kwa miezi. Safari hii X haikuwa hapana. Tarehe ya kuhama ilikuwa imeshapangwa ndani ya dirisha lenyewe, na kulifunga kulihesabiwa kuwa umeikubali ratiba. Wapo waliorudi mezani wakakuta kompyuta imeshahama yenyewe. Microsoft ililegeza utaratibu huo kabla ya ofa ya bure kuisha tarehe 29 Julai, na mwezi Desemba mkuu wake wa masoko, Chris Capossela, alikiri hadharani kwamba pale walivuka mpaka.

Mabishano kuhusu madirisha ya namna hii, yanayokatiza kazi ili kukuuzia bidhaa za Microsoft, hayajasogea sana tangu siku zile. Upande mmoja unasema dirisha ni dirisha tu, bofya "Si sasa" uendelee na kazi zako, nani amekufa? Upande wa pili unasema unakereka. Ukiishia hapo upande wa kwanza unashinda, kwa sababu kero ya sekunde mbili haitoshi kumfungulia mtu mashtaka. Lakini wanaolalamika wana hoja nzito kuliko kukereka, na mara nyingi wao wenyewe hawaisemi.

Kampuni nayo ina haki yake, na si ndogo. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, na ndani ya siku chache kilikuwa kimegusa kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Marekebisho ya kuziba tundu lile Microsoft ilikuwa imeyatoa Machi, miezi miwili kabla. Nyingi ya kompyuta zilizoshambuliwa zilikuwa na Windows 7 ambayo haikupokea marekebisho hayo. Ukiwa mhandisi uliyeyaona hayo, subira ya kumbembeleza mtu anayebofya "Nikumbushe baadaye" kila wiki utaitoa wapi?

Hata madirisha ya kukusukuma utumie OneDrive, hifadhi ya mafaili ya mtandaoni ya Microsoft, yana utetezi. Watu hatuweki nakala za mafaili yetu. Diski ikifa, au kompyuta ikiibwa kwenye basi, tasnifu ya miaka mitatu inakwenda nayo. Aliyesukumwa kuhifadhi mtandaoni bila kutaka anaweza siku hiyo kushukuru. Na Edge, kivinjari cha Microsoft, tangu kilipohamia Januari 2020 kwenye Chromium, msingi uleule wa Chrome ya Google, ni kivinjari kizuri tu, hakina sababu ya kuonewa aibu.

Wala washindani si malaika. Google imekuwa ikitumia ukurasa wake wa utafutaji na Gmail kuwaalika watu wapakue Chrome, na mwaliko huo umechangia kuifikisha Chrome ilipo. Apple inakukumbusha kwamba iCloud imejaa, wakati GB 5 za bure ni zilezile za mwaka 2011. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ambayo mwanzoni mwa 2024 iligharimia ripoti ndefu ya kueleza jinsi Microsoft inavyowabana watu wasitoke Edge, yenyewe inaishi kwa kiasi kikubwa kwa fedha za Google, inazolipwa ili Google iwe injini ya kwanza ya utafutaji ndani ya Firefox. Kila mmoja hapa ana bidhaa ya kuuza.

Yote hayo nayakubali. Ila tazama yanavyomfikia mtu.

Mfumo endeshi si programu kama nyingine. Ndio pekee wenye kibali cha kukatiza chochote unachofanya na kujaza skrini nzima, na kibali hicho tuliupa kwa sababu moja: kuna mambo ambayo hayasubiri. Betri inakwisha, diski inakufa, kuna programu inataka kuingia mahali isipopaswa. Sasa njia hiyohiyo, kwa maandishi ya umbo lilelile, ndiyo inayokuletea habari za Edge, za injini ya utafutaji ya Bing, za OneDrive, za kulipia Microsoft 365, yaani Word, Excel na wenzao. Mlinzi wa mtaa akianza kuitumia filimbi ya mwizi kutangaza kwamba mkewe ana vitumbua vya moto, vitumbua vinaweza kuwa vitamu kweli, lakini usiku wa mwizi hatatoka mtu.

Machi 2024 watumiaji wa Windows waliokuwa ndani ya Chrome walishtukia dirisha kwenye kona ya skrini likiwataka waifanye Bing kuwa injini yao ya utafutaji, kwa ahadi ya kuzungumza na akili bandia bila malipo. Baadhi yao waliamini wameingiliwa na kirusi. Walikuwa na haki ya kuamini hivyo: dirisha halikuwa la Chrome, hawakuwa wameliita, na lilitaka kubadilisha mipangilio ya programu ya kampuni nyingine. Walipofuatilia walikuta programu ndogo yenye saini halali ya Microsoft. Kampuni ilijibu kwamba ni arifa ya mara moja tu na mtu anaweza kuikataa. Jibu hilo halikugusa jambo lenyewe. Matapeli wa "msaada wa kiufundi" wamekula fedha za watu kwa miaka kwa kutumia madirisha yanayojifanya ya Microsoft, na Microsoft yenyewe hutoa maonyo ya jinsi ya kuyatambua. Mtumiaji aliyeuzingatia ushauri huo vizuri ndiye hasa aliyeshtuka mwezi ule.

Kuna kurasa zinazochekesha pia. Desemba 2021, ukiingia kupakua Chrome kwa kutumia Edge, dirisha lilikuambia kwamba kivinjari hicho ni cha mwaka 2008. Oktoba 2023 likaja dodoso la kukuuliza kwa nini unataka kuondoka. Mimi haya hayanisumbui sana. Ni ukorofi wa dukani, na mtu anauelewa kuwa ni biashara. Kinachonisumbua ni biashara inayovaa sare ya usalama.

Hoja ya WannaCry, tukiirudia, inamgeukia aliyeileta. Programu iliyoleta yale madirisha ya Windows 10 mwaka 2015 na 2016 haikupakuliwa na mtu kwa hiari. Iliingia kupitia Windows Update, njia ya Windows ya kupokea masasisho, ikiwa na namba KB3035583, ndani ya orodha moja na marekebisho ya usalama, ikiwa imewekewa alama kwamba inapendekezwa. Aliyetaka kuikwepa alikuwa na njia mbili za wazi: kuitafuta kwa namba na kuificha, nayo ikawa inarudi, au kuizima Windows Update moja kwa moja. Mtu wa kawaida atachagua lipi? Sidai kwamba matangazo yale ndiyo yaliyoiletea dunia WannaCry. Ninachosema ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hatari ile, kampuni iliwapa watu wake sababu nzuri kabisa ya kuufunga mlango ambao dawa ingepitia. Na marekebisho yale ya Machi 2017 yalikuwepo kwa ajili ya Windows 7 pia. Hakuna aliyelazimika kuhamia Windows 10 ili apone. Alihitaji tu kuwa bado anaiamini njia ya masasisho.

Kwa mafundi wa huku kwetu kuzima masasisho limekuwa jambo la kawaida. Unampelekea fundi kompyuta yako mpakato aweke Windows upya, anamaliza, anakukabidhi huku akikuambia kwamba "apdeti nimeshazizima, hazitakusumbua." Anaisema kama huduma ya nyongeza, na mteja anashukuru. Tuwe wakweli: nyingi ya nakala hizo hazikulipiwa, na aliyeweka nakala ya wizi hana uso mkavu wa kudai heshima kutoka kwa mwenye mali. Lakini fundi huyohuyo anazizima hata kwenye mashine zenye leseni halali iliyokuja nazo kutoka dukani, kwa sababu ameshajifunza kwamba masasisho ni bando linaloisha na sura zinazobadilika bila kuulizwa.

Bando hilo lisipuuzwe. Dirisha la kuhamasisha huduma ya mtandaoni limebuniwa na mtu ambaye intaneti yake haina mita. Anayetumia simu yake kama kituo cha Wi-Fi kwa GB mbili za wiki yuko katika dunia nyingine. Mwaka 2016 wahifadhi wa wanyama wa Chinko, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, walijikuta kompyuta zao zikianza kushusha Windows 10 kupitia setilaiti ya bei kubwa, mahali ambapo mawasiliano hayo yalitumika kuratibu askari wa kupambana na majangili. Kwao "bofya hapana" lilikuwa limeshachelewa.

OneDrive ina mduara wake. Mwaka 2024 iligundulika kwamba Windows 11 mpya huweza kuwasha hifadhi ya mtandaoni ya mafaili ya mezani (Desktop), picha na nyaraka bila kukuuliza wakati wa kuiandaa kompyuta. Nafasi ya bure ni GB 5. Picha za harusi moja zinaijaza. Ikijaa, madirisha yanaanza: nafasi imekwisha, ongeza kwa malipo. Na tangu Februari 2023 viambatisho vya barua pepe za Outlook.com navyo vinahesabiwa ndani ya nafasi ileile, kwa hiyo ikifurika barua pepe zako nazo zinasimama. Mtu hakuomba chochote katika mlolongo huu. Amewasha kompyuta tu, akaweka picha mezani.

Na "hapana" yenyewe iko wapi? Ile skrini nzima ya kukutaka ukamilishe kuandaa kompyuta yako, ambayo inaweza kukujia wakati kompyuta umeitumia mwaka mzima, inakupa machaguo mawili: endelea, au nikumbushe baada ya siku tatu. Aliye na nia thabiti atakwenda kwenye mipangilio ya arifa, ashuke hadi chini kabisa, azime visanduku ambavyo vyote vinatoka kiwandani vikiwa vimewashwa, kisha atafute kingine upande wa menyu ya Start, kisha kingine upande wa faragha. Anayejua hayo hakuhitaji kulindwa tangu mwanzo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Oktoba 2025. Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 mwezi huo, mamilioni ya kompyuta nzima zilibaki nje kwa sababu hazina vifaa ambavyo Windows 11 inavidai. Kwa hao Microsoft ilitoa mwaka mmoja zaidi wa marekebisho ya usalama, kwa njia tatu: lipa dola 30, toa pointi 1,000 za mpango wake wa zawadi, zinazopatikana kwa kutumia huduma zake kama Bing, au usilipe kitu ila uhifadhi mipangilio yako kwenye OneDrive. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi na bado inanishangaza. Miaka kumi usalama na biashara vilikuwa vikipita njia moja. Hapa vimekuwa mkataba mmoja. Kampuni inaweza kusema, na si uongo, kwamba haikulazimika kutoa mwaka huo hata kwa dola 100. Lakini hoja yake kuu ya kutusumbua ilikuwa usalama wetu, na sasa usalama wenyewe umegeuka chambo.

Barani Ulaya mambo ni tofauti. Chama cha watetezi wa watumiaji kilipopaza sauti, Septemba 2025 Microsoft iliondoa sharti la kuhifadhi mtandaoni kwa wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya: kuwa na akaunti ya Microsoft tu kunatosha. Kabla ya hapo, sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024 iliwapa haki ya kuiondoa Edge kabisa kwenye kompyuta. Juni 2025 Microsoft ikatangaza kwamba huko Edge haitawabembeleza tena waifanye kivinjari chao kikuu mpaka wao wenyewe waifungue.

Kwa hiyo utetezi kwamba madirisha haya hayaepukiki, kwamba ndivyo mfumo wa kisasa unavyofanya kazi au ndivyo Windows inavyojilipia, umeshajibiwa na Microsoft yenyewe. Programu ni ileile. Windows hutazama nchi uliyoichagua siku ya kwanza ya kuiwasha kompyuta, kisha inaamua itakusumbua kwa kiasi gani. Aliyechagua Ufaransa anaachwa afanye kazi. Aliyechagua Kenya au Tanzania, ambako sheria za taarifa binafsi zipo lakini hazikuandikwa kwa ajili ya jambo hili, anaendelea kukumbushwa baada ya siku tatu.

Sitaki Microsoft iache kutangaza bidhaa zake. Itangaze ndani ya Edge, ndani ya duka lake, kwenye tovuti zake, popote ambapo mtu ameingia akijua yuko kwa nani. Kinachotakiwa ni kwamba dirisha lenye uwezo wa kukatiza kazi lisibebe jina la bidhaa yoyote inayouzwa, na kwamba orodha ya masasisho ya usalama isiwe na abiria mwingine.