Wati 12,000 mbele, wati 60 nyuma

Ingia duka lolote la redio hapa Mwanga, Kigoma, uchukue sabufa iliyobandikwa "12,000W PMPO" usoni, kisha uigeuze. Karibu na waya wa umeme kuna kibandiko kidogo, na mara nyingi maandishi yake yanasema volti 220 hadi 240, hezi 50, matumizi wati 60. Mashine inayokula wati 60 itatoaje 12,000? Hata hizo 60 hazifiki zote kwenye spika, maana nyingine zinaishia kuwa joto.

Ndiyo maana nawaelewa wanaosema vipimo ni porojo, amplifaya huchaguliwa kwa sikio basi. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Tunachodanganywa nacho ni namba isiyo na masharti. PMPO, yaani wati za kilele za muda mfupi sana, haina kanuni inayokubalika, kila kiwanda kinapiga hesabu zake. Marekani walilishughulikia hili zamani: kanuni ya mwaka 1974 ilimtaka anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani aseme ni wati zinazotoka mfululizo, kwa spika ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ngapi, kwenye masafa gani, na kwa THD isiyozidi asilimia ngapi.

Hiyo THD, yaani uchafu ambao amplifaya yenyewe inauongeza kwenye sauti, ndiyo watu wanairuka. Wati 100 kwa THD ya asilimia 10 maana yake mashine imepimwa ikiwa tayari inapasua sauti. Ukiipima kwa asilimia 1, wati zinashuka, na hizo ndizo zako. Wala usihuzunike sana zikishuka, kwani hata ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu.

Nakiri kuna mahali karatasi ya vipimo inanyamaza. THD inajumlisha uchafu wa masafa mbalimbali katika namba moja, wakati sikio haliuchukulii sawa: ule wa masafa mara mbili ya sauti yenyewe linauvumilia, ule wa mara saba unakera hata ukiwa kidogo. Tena namba inayoandikwa mara nyingi ni ya sauti kubwa. Kuna amplifaya ambazo transista zake hukosea zaidi sauti ikiwa chini, pale moja inapomwachia mwenzake kazi wimbi likivuka sifuri. Usiku watoto wamelala, umeweka rumba ya Kongo taratibu, magitaa yanatoka makavu yenye mikwaruzo. Ugonjwa unaweza kuwa huo. Lakini nao unapimika! Pima kwa wati 1 badala ya 100, utauona. Kiwanda tu hakikutaka kuuandika.

Sikio nalo hulaghaiwa kirahisi. Muuzaji akikuwashia amplifaya mbili kwa zamu, ile iliyozidi hata desibeli 1 utaisifia kwamba besi yake imeshiba. Ulinganisho wa haki unataka sauti zisawazishwe kwa mita, na msikilizaji asijue ipi inapiga. Bila hivyo tunasifia volyumu.

Mimi naamini amplifaya mbili zenye THD ndogo kwa sauti ya chini na ya juu, zinazotoa masafa yote kwa nguvu sawa kuanzia hezi 20 hadi 20,000, zisizovuma na zisizolemewa na spika ulizonazo, sikio litahangaika sana kuzitofautisha. Tofauti kubwa tunazozisikia mitaani, Mwanga hadi Ujiji, zina sababu nyingine: transfoma ndogo inayoishiwa nguvu besi ikiingia, spika za omu 4 kwenye mashine iliyoundwa kwa 8, sebule yenye kuta tupu za saruji. Na spika zenyewe, hasa kwenye besi, huchafua sauti kuliko amplifaya yoyote iliyo nzima.

Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo namshauri achukue amplifaya ya wati 30 za RMS, yaani zinazotoka mfululizo, yenye vipimo vilivyoandikwa kikamilifu, fedha inayobaki yote aipeleke kwenye spika.