Mama Yangu Alizaa Saba, Hakulalamika

Mke ana mimba ya miezi miwili. Asubuhi ametapika, mchana harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani imemtoa ndani, jioni amejilaza na vyombo havijaoshwa. Mume anarudi, anatazama beseni, anasema: mama yangu alizaa watoto saba, akalima mpaka siku ya uchungu, na hakuwahi kulalamika. Mazungumzo yanaishia hapo. Nani ataanza kubishana na mama mkwe ambaye hayupo?

Hoja hii ndiyo inayotumika zaidi kumnyamazisha mjamzito, kwa hiyo inastahili kupimwa. Kwanza, shahidi wake ni dhaifu. Kama mume ni kitinda mimba, hajapata kumwona mama yake akiwa mjamzito hata siku moja. Kama ni kifungua mimba, mimba za wadogo zake alizishuhudia akiwa na miaka mitatu, mitano, minane; umri wa kufukuzwa ukacheze nje watu wazima wakianza maongezi yao. Mama alilalamika kwa dada yake, kwa somo yake (kungwi aliyemfunda), kwa jirani waliyekwenda naye kisimani. Huenda alimlalamikia hata mumewe, usiku, mtoto akiwa amelala fofofo.

Pili, wanaotoa mfano huu ni watoto wa waliopona. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2004-05 ulikadiria kuwa Tanzania ilipoteza wanawake 578 kwa kila vizazi hai 100,000 kutokana na ujauzito na uzazi. Utafiti wa namna hiyohiyo wa mwaka 2022 ulitoa makadirio ya 104. Zile zama tunazosifiwa za akina mama wasiolalamika ndizo zama za hiyo 578.

Hata hivyo, upande wa mume una ukweli wake, na wanaomtetea mjamzito hukosea wanapoupuuza. Mwili wa mjamzito mwenye afya unahitaji kutikiswa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka mjamzito asiye na tatizo apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kumlaza mtu kitandani kwa sababu tu ana mimba si tiba. Bibi anayesema "tembeatembea, mwanangu" yuko upande mmoja na madaktari. Kichefuchefu huwapata wajawazito wengi, kwa kawaida huanza karibu na wiki ya sita na kupungua kati ya ya 16 na ya 20. Kiungulia huja kwa sababu homoni ya projesteroni hulegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula, na mtoto akikua analisukuma kutoka chini. Nesi anaposema "hiyo ni kawaida" hadanganyi. Tena ile kauli kwamba mimba si ugonjwa, katika kinywa cha mkunga mzoefu mbele ya binti anayetetemeka, ni faraja kubwa. Ukichunguza makundi ya WhatsApp ambako kila maumivu ya nyonga hugeuzwa kuwa msiba, utaona kwa nini faraja hiyo bado inahitajika.

Shida ni kwamba jambo kuwapata wengi hakulifanyi liwe jepesi. Uchungu wa kuzaa nao ni wa kawaida.

Sayansi yenyewe ilichelewa kuliona hili, na kisa cha Marlena Fejzo, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, kinafaa kusimuliwa. Mwaka 1999 akiwa mjamzito alitapika mpaka akashindwa kumeza hata maji, na mimba ikaharibika akiwa wiki ya 15. Daktari aliyekuwa akimtibu aliona kwamba anatafuta kuhurumiwa tu. Daktari, si mume! Fejzo alitumia miaka mingi iliyofuata kutafuta chanzo, na Desemba 2023 yeye na wenzake, akiwemo Stephen O'Rahilly wa Cambridge, walichapisha majibu katika jarida la Nature. Kuna protini iitwayo GDF15, ambayo wakati wa ujauzito huingia kwa wingi katika damu ya mama ikitoka kwa mtoto na kondo la nyuma, kisha hugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na kiwango kidogo cha protini hiyo huathirika zaidi, kwa kuwa mwili wake haukuizoea.

Rudi sasa kwa mama wa watoto saba. Inawezekana kabisa hakutapika. Inawezekana damu yake ilizoea protini hiyo tangu usichana, ilhali ya mkwewe haikuizoea. Hapo hakuna shujaa wala mzembe. Kuna miili miwili iliyoanzia mahali tofauti. Ile hali kali, ambayo mjamzito hashiki hata maji tumboni na kilo zinamwishia, ni ya wachache, lakini inalaza watu hospitali: Kate, mke wa William wa ufalme wa Uingereza, alilazwa kwa ajili yake London Desemba 2012, na hakuna aliyemwambia kwamba mama mkwe alilima mpaka siku ya uchungu.

Uchovu nao una habari yake, na hapa kwetu ndipo dhuluma ilipo kubwa. Mjamzito anayesinzia saa nne asubuhi huitwa mvivu. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wajawazito 57 kati ya kila 100 nchini Tanzania wana upungufu wa damu, yaani hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita. Zaidi ya nusu! Ukimwita mke mvivu bila kumpima damu, uwezekano wa kuwa unamtukana mgonjwa ni mkubwa kuliko wa kukosea kura ya shilingi. Hata ule udongo wa pemba anaoutafuna kwa siri, unaochekwa kama kituko cha mimba, mara nyingi huenda sambamba na upungufu wa madini ya chuma. Na yeye anajua atachekwa, ndiyo maana anautafuna kwa siri.

Kwa nini basi mume anapuuza? Jibu la haraka ni roho mbaya, na wapo wenye roho mbaya, hilo halina mjadala. Mimi naona sababu iliyo kubwa zaidi ipo kwenye nyumba tunazoishi siku hizi.

Kupuuza kwa waume ni kwa kale. Kilichobadilika ni kwamba zamani hakukuwa na uzito mkubwa. Pwani, mwenye mimba ya kwanza alirudishwa kwao kujifungua, akawa mikononi mwa mama, shangazi na somo. Bara nako palikuwa na mama mkwe, mawifi, wake wenza na majirani katika boma moja. Malalamiko ya mimba yalikuwa na wasikilizaji wake, na mume hakuwa mmoja wao. Jando lilimfundisha kijana mambo mengi, lakini si namna ya kumtazama mwanamke anayetapika. Alikuwa na haki ya kutojua, kwa sababu kuna waliojua kwa niaba yake.

Leo wawili hao wamepanga chumba na sebule Mbagala. Mama yupo Songea, somo hayupo kabisa, wifi ana biashara yake Kariakoo na simu anapokea usiku. Mwanamume amebaki peke yake katika kazi iliyokuwa ya wanawake sita, na hakuna aliyemwandaa. Akisikia "kichwa kinaniuma" anachukua maneno yaliyo karibu zaidi, ya mama yake, ambayo nayo yalisemwa mahali penye wanawake sita. Nasema hivi kueleza, na kueleza si kumtetea. Lakini anayetaka mume abadilike akidhani tatizo ni ukosefu wa mapenzi tu, atahubiri sana na kuvuna kidogo.

Isitoshe, waume hawapuuzi peke yao. Wanawake waliozaa ndio hakimu mkali kuliko wote. "Hiyo ya kwanza tu unalia hivyo, ya tano itakuwaje?" ni maneno ya wifi. Wapo manesi wenye kauli kama hizo, na mama aliyejibiwa vibaya dirishani huondoka akiamini kwamba maumivu yake ni aibu. Mume akisikia mwanamke mwenzie amesema ni deko, yeye ni nani apinge?

Na deko lipo, tusidanganyane. Yupo anayeagiza embe bichi saa tano usiku, likija analinusa na kulikataa. Yupo ambaye mimba "imemkataa" mumewe: harufu yake, sauti yake, hata namna anavyotafuna. Mwanaume anayetoka kibaruani na kukuta amehamishiwa sebuleni anayo haki ya kuumia, na nafasi ya kulisema hilo bila kuonekana katili hana. Anayo pia hofu. Mkewe akiugua kweli, kuna nauli, vipimo, damu ya kutafuta, na siku za kazi zitakazokatwa. Kusema "ni deko" wakati mwingine ni mtu anayeomba iwe ni deko.

Mpaka hapo pande mbili zinaweza kukaribiana. Linalozitenganisha, na lililonifanya nielemee upande wa mke bila kuyumba, ni kinachotokea miezi sita baadaye.

Mjamzito aliyeambiwa anadeka katika mwezi wa pili hajifunzi uvumilivu. Anajifunza kunyamaza. Anapunguza habari anazotoa, anachagua zipi zitaaminiwa, na akifika mwezi wa nane amekwisha kuwa hodari wa kuficha. Na mwezi wa nane una malalamiko ambayo kwa sura hayatofautiani na yale ya mwezi wa pili: kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, pana maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Hizo ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huanza baada ya wiki ya 20 na likiachwa huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Duniani, katika vinavyowaua wajawazito na waliojifungua, matatizo ya shinikizo yanafuata baada ya kutokwa na damu. Kipimo chake ni ule mkanda wa mkononi, dakika chache, hata zahanati wanao. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Dawa ya kuzuia degedege, magnesiamu salfeti, ni ya miaka mingi. Lakini mkanda haumfikii aliyelala nyumbani akijiambia kwamba kichwa ni cha kawaida.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza hutokea nyumbani, kati ya kitanda na mlango, na katika nyumba nyingi ufunguo wa mlango huo ni wa mwenye nauli. Ndiyo maana siwezi kuliweka neno "anadeka" katika fungu la ugomvi mdogo wa wanandoa.

Mume hatakiwi kuwa daktari. Watetezi wengine wanamdai ajue homoni zote, aandike shajara ya mimba, apige picha za tumbo. Hayo ni ya hiari. Linalomhusu ni kuacha kutoa hukumu asiyo na kipimo chake: asiseme ni kweli wala si kweli, ampeleke akapimwe. Akikosea kwa kuamini, amepoteza nauli ya bodaboda na asubuhi moja. Kwa anayelipwa kwa siku hasara hiyo ni ya kweli, na sitamcheka anayeihesabu. Bado ni ndogo kuliko ile nyingine.

Tatizo ni kwamba hata mume aliye tayari hapokelewi. Kliniki nyingi zinamtaka mama aje na mwenza siku ya kwanza ili wapime VVU pamoja, na aliyekuja na mwenza hupita mbele ya foleni. Asiye naye huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa, na husimuliwa visa vya wanaomwomba dereva wa bodaboda ajifanye mume. Akishatoa damu, mwanaume huyo hurudishwa kwenye benchi la nje. Dalili za hatari anaambiwa mkewe peke yake, mtu ambaye nyumbani haaminiwi. Dakika kumi za kumwambia mume, kwa kinywa cha mwenye koti jeupe, kwamba kichwa cha mwezi wa nane si deko, zingefanya kazi ambayo mke hawezi kuifanya hata alie vipi.

Na mwajiri? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilivyotungwa mwaka 2004 ilimpa baba likizo ya angalau siku tatu ndani ya wiki moja baada ya mtoto kuzaliwa. Ya miezi tisa iliyotangulia haikugusa. Ilimpa pia angalau siku nne kwa dharura za familia, ikazitaja: mtoto akiugua au akifa, na mke au ndugu wa karibu akifa. Mke akiugua haikutajwa.